Baba, Mshale Wako Unasema Kweli

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuachia miwani yako juu ya meza ya kazi, vikono vikiwa wazi, kana kwamba umetoka mara moja kufungua mlango.

Wateja wako wa redio bado wanapita. Wakiambiwa hupo husimama kidogo, kisha kila mmoja hutoa kisa chake. Neno "haifai" hukulijua. Hata redio iliyokufa kabisa uliifungua ukaichomoa japo skrubu moja, na skrubu hiyo ulijua utaipeleka wapi.

Ndivyo ulivyoitendea na mashua yetu ya tanga. Tunakumbuka safari ile upepo ulipogoma siku mbili. Betri ilikuwa imekwisha, redio ya mawasiliano kimya, na tangi la maji likakauka bila kumwonya mtu. Mama alingoja mpaka mlipokanyaga nchi kavu. Hapo akasema, "Fundi, chombo kisichojua kina nini tumboni mimi sikipandi tena."

Hukujitetea. Kesho yake ukaanza kuunda vipimo. Kipimo cha betri kilitangulia, kwa mshale uliotoka kwenye kinasa sauti kibovu, ukaufungia ndani ya kopo la plastiki la chakula. Ukatukataza kuusoma betri ikitoka tu kuchajiwa. "Betri iliyoshiba sasa hivi ni kama mgeni aliyeshiba," ulisema. "Itasifia kila kitu. Iache ipumzike ndipo uiulize."

Cha tangi kikakuchukua miezi. Tangi limefuata umbo la mashua, jembamba chini, pana juu, kwa hiyo nusu ya kimo chake si nusu ya maji. Ukatia boya dogo ndani, ukaliunganisha na mshale wa pili, ukawa unamimina ndoo moja, unangoja maji yatulie, unatia alama ya penseli. Ndoo nyingine, alama nyingine. Ulifika ya tisa. Ya kumi hukuiwahi.

Mama akaamua mashua iuzwe. Hakuichukia, alimwogopea mjukuu wako. "Mtoto hanyweshwi makisio," alisema.

Binti yako akaomba juma moja akimalizie kipimo. Unamjua: darasa la jioni la umeme alikwenda na mtoto mgongoni, mpaka mwalimu akasema ana wanafunzi wawili katika kiti kimoja. Alinunua ndoo mpya ya lita ishirini, akalimwaga tangi lote ahakiki tangu mwanzo. Ndoo ya tano ilipoingia, mshale ukaipita alama yako ya tano, ukaenda kusimama nusu ya njia kuelekea ya sita. Akarudia. Ukapita tena. Kipimo kilikuwa kinatia chumvi.

Mdogo wako, aliyekuwa akimchotea maji, akacheka kidogo. "Kaka alikuwa fundi wa redio. Maji hayana stesheni."

"Baba mdogo, tafadhali."

"Nasema tu, mwanangu. Mteja wa mashua anakuja Jumamosi. Usijitese."

Binti yako akakaa kwenye ngazi ya mashua, penseli mkononi. Mashua yenyewe angeweza kuisahau. Kilichomuuma ni kufikiri kwamba wewe, uliyemfundisha kuwa kisichoonekana chaweza kujulikana, ulishindwa kuhesabu mpaka tano.

Mama alikuwa amekuja kumchukua mtoto. Akaitazama ile ndoo. "Mmetumia hiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Baba yako alinunua ndoo lini? Alikuwa ananiibia yangu ya kufulia."

Akaenda, akarudi nayo, ile ya bluu yenye ufa vidole viwili chini ya ukingo. Hujaa mpaka kwenye ufa tu, ukizidisha, inavuja.

Tangi likamwagwa tena. Safari hii Mama ndiye aliyemimina. Moja: mshale ukapanda, ukatulia juu ya alama. Mbili: juu ya alama. Kufikia ya sita mdogo wako alikuwa amesogea kuutazama mshale. Ya tisa ilipoingia, mshale ulitetemeka, ukasimama juu ya mstari wako wa mwisho, mwembamba kama unywele, wala haukuuvuka. Kwa ndoo yenye ufa na mshale wa kuokota, ulilijua tangi lile kuliko aliyelitengeneza. Mdogo wako akavua kofia. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Ya kumi binti yako alingoja maji yatulie, akachora mwenyewe. Mstari umepinda, utamsamehe. Tangi lilijaa kwenye ya kumi na nne.

"Mpigieni mteja," Mama akasema. "Asisumbuke kuja."

Mwezi uliopita tulitoka nayo. Siku ya tatu nchi kavu ilikuwa bado haijaonekana, upepo umelegea, joto limemchosha mjukuu wako, analia hanyamazi. Mama akainama mbele ya kipimo chako, akasoma: ndoo sita. Hakuuliza mtu. Akateka maji, akamwogesha mtoto kuanzia utosini, taratibu, bila haraka, mpaka akasinzia mikononi mwake.

Unakumbukwa na mkeo. Binti yako, anayefanya mtihani wake wa umeme mwezi ujao. Mjukuu wako, aliyeanza kutembea. Mdogo wako, anayekutaja kila siku. Na wote uliowafufulia redio zao.

Tumekukumbuka mwaka mzima, Baba, na tutakukumbuka siku zote.