Majina Niliyoyaruka Kwenye Rejista ya Mzee Zakaria

Jumanne, Runzewe. Jua kali, vumbi la malori limeingia hadi kwenye kibodi, na moyo wangu bado haujatulia.

Nimefanya kosa. Naliandika kabla sijaanza kujitetea.

Mzee Zakaria ana cherehani yake kwenye baraza ya steshenari yangu. Miaka yote nimemjua kama fundi suruali. Kumbe ni katibu wa chama cha siasa kilichopigwa marufuku kwao, ng'ambo ya mpaka, kabla hata mimi sijazaliwa. Wenzake wamesambaa machimboni, Rwamgasa na Mwakitolyo. Mara moja kwa mwaka wanakutana chumbani kwake na kuita majina ya wanachama wote. Aliyefariki anaitikiwa na aliye hai. Jumapili hii ndiyo siku yenyewe.

Wiki iliyopita alinipa rejista niichape upya, mchwa walishaanza kuila. Nusu ya majina yalikuwa na msalaba pembeni. Nikajiona mjanja: marehemu wa nini tena? Nikawaruka, orodha ikatoka safi, kurasa mbili tu.

Jana alizipokea, akatupia jicho ukurasa wa kwanza, akashukuru. Wana desturi tangu enzi za kujificha: karatasi ikishanakiliwa, ya zamani inachomwa siku hiyohiyo, mtu asije akakutwa na mbili. Akaichana rejista na kuichomea ndani ya pasi yake ya mkaa. Nilimwona, nikadhani anachochea moto wa kazi.

Leo asubuhi amekuja na zile kurasa mbili, akazitandaza mezani kwangu.

"Mama Kulwa, wengine wako wapi?"

"Si walishafariki, mzee?"

"Kufa siyo kujiuzulu, mwanangu. Mwanachama anafutwa na mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni mpaka turudi nyumbani."

Kwenye kompyuta majina hayakuwahi kuingia, na kwenye karatasi yamekuwa majivu. Jumapili wangeitwa walio hai peke yao, na wale wengine ndiyo basi tena.

Mzee akavuta kigoda, akavua kofia. "Andika."

Akaanza kuwataja kwa kichwa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kijiji alichozaliwa. Huyu alifukiwa na duara, shimo la dhahabu, Mwakitolyo akichimba. Huyu alikuwa mwalimu kwao, huku akaponda mawe ya dhahabu. Yule alichoma vitumbua hapa stendi. Wateja wa fotokopi waliingia wakiwa na haraka zao, wakajikuta wamesimama wanasikiliza. Kadi ya chama changu mwenyewe sijui hata iko droo gani.

Alikwama mara moja tu, kwa jina la mke wake. Hakulisahau. Sauti ndiyo iligoma. Akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akaliandika mezani, nami nikalichapa.

Tulipomaliza aliisoma orodha yote kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akasema kila mwaka anajaribu kumwitikia mke wake na kila mwaka anashindwa, wenzake wanainamisha vichwa na kuendelea.

"Jumapili mwitikie wewe."

Nimekubali. Jina lake bado lipo mezani kwa chaki. Tangu asubuhi ninapitisha kitambaa cha vumbi pembeni yake.