Jiwe Nililookota Shambani kwa Mzee Harold

Blaine, Minnesota

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama kwa heshima zote. Mguu wako unaendeleaje? Na mvua imefika huko Kitui, au bado mnatazama mawingu yakipita tu? Mimi mwili ni mzima. Kuhusu moyo siwezi kukudanganya.

Kaka Mutua amenieleza mlichoambiwa, kwamba nimefukuzwa kazi kwa sababu ya wizi. Najua habari hiyo mmeletewa na Shangazi Kasyoka, naye ameipata kwa mwanawe tunayesali naye kanisa moja kule Brooklyn Center. Kwenye simu naanza kulia kabla sijafika katikati, ndiyo maana nimekuandikia. Soma yote, Baba, kisha uamue mwenyewe.

Unakumbuka yule mzee niliyekuwa nikimtunza, Harold, aliyefiwa na mkewe? Alilima viazi maisha yake yote, na kila mvua ilipopiga udongo uliotoka kulimwa, alipita kwenye matuta akiokota mawe yaliyochongwa na wenyeji wa kale wa nchi hii. Alikuwa nayo mengi. Mimi nilidhani yote ni vichwa vya mishale, naye akanicheka. "Upinde ulikuja baadaye sana. Haya makubwa ni ya mikuki ya kurusha." Akanishika kidole na kukipitisha kwenye kitako cha jiwe moja. Pembeni kote palikuwa na makali, lakini pale chini palikuwa pamesuguliwa makusudi, ili pasikate kamba za mishipa ya mnyama zilizofunga jiwe kwenye mpini wa mkuki. Akasema wanaochonga ya bandia siku hizi mara nyingi husahau hapo. Nilipenda kumsikiliza. Huku Wakenya tukikutana sisi kwa sisi tunaongea shifti za kazi tu.

Theluji ilipoyeyuka tukatoka kutembea, mimi nimemshika mkono. Karibu na kijito nikaona kitu cha rangi ya asali kimechomoza kwenye tope. Nikakiokota. Lilikuwa jiwe refu kama kidole changu cha kati, jembamba kama jani, halijavunjika popote. Mzee akalishika, akalifuta tope kwa kidole gumba. "Miaka yote hii nimepita hapa," akasema. Kisha akalirudisha mkononi mwangu na kunikunja vidole. "Wewe ndiye uliyeliona. Ni lako." Hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia.

Baadaye akaanguka, akapelekwa hospitali Saint Paul, kisha kwenye makao ya wazee hukohuko, na kumbukumbu ikaanza kumtoka. Binti yake, Linda, akaja kufungasha nyumba, nami nikabaki kumsaidia. Akamwita mtu anayekadiria bei ya vitu vya kale. Jiwe langu lilikuwa mkobani. Nikalitoa, nikamweleza Linda nilivyolipata. Hakulitazama hata vizuri. "Kaa nalo," akasema. "Baba alipenda kugawa takataka zake."

Mimi nilitaka tu kujua umri wake, nikampa yule mkadiriaji. Akalitazama kwa kioo cha kukuzia, akapapasa kitako, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akamwambia Linda, si mimi, kwamba hilo ni la kale kuliko mengine yote, na kwamba yote yaliyo mezani hayafikii bei yake.

Baba, niliuona uso wa yule mama ukibadilika.

"Hilo limetoka kwenye ardhi ya baba yangu," akasema.

"Umeniambia sasa hivi nikae nalo."

"Sikujua ni nini. Na wewe ulikuwa umelificha kwenye mkoba."

Mkadiriaji akasema kwamba bei hupanda zaidi pakijulikana mahali hasa jiwe lilipopatikana. Linda akanigeukia kana kwamba hatujagombana. "Ilikuwa sehemu gani ya shamba? Hebu tupeleke."

"Kama nililiiba humu ndani, nitajuaje lilikotoka?"

Mkadiriaji akatazama viatu vyake. Linda bado alikuwa akingoja niwapeleke. Nikaliweka jiwe mezani, nikavaa koti langu, nikaondoka.

Kesho yake akanipigia sapavaiza wetu, msimamizi wa kampuni iliyonituma kwa Mzee, Mkenya mwenzetu. "Mumbua, huyu mama anasema umechukua mali ya mgonjwa. Mzee tumemuuliza, anasema hakumbuki kumpa mtu chochote. Mimi nifanye nini?"

"Uniamini."

Akasema pole. Hiyo pole ndiyo iliyonifukuza kazi. Linda hakwenda polisi, kwa sababu jiwe analo. Lakini hakuna tena anayenipa mgonjwa wa kumtunza nyumbani. Sasa nasafisha ofisi.

Nilipanda basi, kisha treni, nikaenda Saint Paul kumwona Mzee. Nilitaka aseme mbele ya wauguzi kwamba alinipa. Alifurahi sana kuniona, Baba. Akaniita kwa jina la Linda. Akanishika mkono na kusema mimi ni binti mwema, kwamba sijawahi kumwangusha. Nikamkata kucha, nikamchana nywele, nikatoka bila kuuliza nililokwenda kuuliza.

Kanisani, mama mmoja aliutoa mkoba wake kwenye kiti na kuupakata nilipokuja kuketi. Labda alikuwa akinipisha. Sijarudi tena.

Sikuombi unitetee kwa watu. Waache waseme. Nataka wewe tu, uliyenilea, uniamini, na kama una shaka uniambie kwa kinywa chako, usimtume Mutua.

Msalimie Mama, umwambie ninakula vizuri. Msalimie Mutua na mkewe, na mdogo wangu Ndinda na wanafunzi wake, na mchungaji aliyenibatiza. Shangazi Kasyoka usimpe salamu zangu. Msomee barua hii, polepole, mpaka mwisho.

Ni mimi binti yako, ambaye hajaiba,

Mumbua