Afishi Zako Zilizomaliziwa na Barabara

Papa Ernesti,

Ni mimi, Mapendo, uliyenifundisha kuchora kwa miaka sita na kunigombeza kwa miaka hiyohiyo sita. Tangu tukuzike hapa Kasongo mvua zimepita, na kiangazi kimerudi. Ndoo zako za rangi ziko palepale. Mke wako, Mama Rejina, bado anakuwekea kikombe cha chai mezani, kisha anakumbuka, anakinywa mwenyewe. Ningekuandikia zamani, ila nilikuwa na hasira nawe kwa kuniachia kazi ambayo sikuielewa. Leo hasira imeisha, na kilichobaki kinanifanya nishindwe hata kukaa kitini.

Kiangazi kilipoanza, patron, mwenye nyumba ya sinema ya Salamabila, alinipigia simu. Alitaka afishi, ubao wa kutangazia filamu ya kutisha. Kama watu hawataingia, alisema, ataachana na mambo ya brashi, awe anaagiza afishi za mashine kutoka mjini. Papa, kazi ya maisha yako yote ilikuwa juu ya ubao huo mmoja.

Nikachora kwa nguvu zangu zote. Zimwi, damu kila kona, meno kutoka sikio hadi sikio. Ulikuwa unaniambia: "Mapendo, ukionesha meno yote, mutu atayahesabu. Mwenye kuhesabu haogope." Mimi nilidhani ni uvivu wa mzee. Nikaiacha rangi ikauke siku nne, nikaifunga afishi ndani ya blanketi, nikapanda nayo pikipiki. Mimi na dereva tulilala Kabambare, kesho yake tukafika Salamabila, nayo safi kama sahani. Nikaisimamisha mlangoni pa sinema. Wachimba dhahabu wawili wakasimama mbele yake, wakaanza kuyahesabu yale meno kwa kidole. Kwa kidole, Papa. Wakacheka, wakaenda zao kununua muhogo wa kuchoma.

Patron akanipa nafasi moja ya mwisho. Niliingia ndani nilie kidogo mahali wasiponiona, na humo nikakutana na afishi yako ya zamani, imeegemezwa ukutani. Ile ya nyumba yenye macho mawili dirishani. Ilipotoka kwetu ilikuwa nyumba tu, bila macho, nami nilikucheka kimoyomoyo. Sasa vumbi jekundu la barabara lilikuwa limeingia ndani ya rangi, limeifunika nusunusu, jinsi linavyozifunika nyumba zetu za kweli kandokando ya njia. Ingeweza kuwa nyumba yangu. Na katikati ya wekundu ule, macho mawili meupe, hayana hata chembe ya vumbi. Nilisogea kushoto, yakanifuata. Nikapangusa vumbi kwa kidole, halikutoka. Niliogopa, Papa, mimi niliyekuoshea brashi za afishi hiyo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naunganisha mambo. Yale mafuta ya mawese uliyotia kwenye rangi, tukagombana kwamba haitakauka. Mvua zikianza na vumbi kulala, ulikubali vibao vya saluni na vya duka, ila filamu za kutisha ulikataa, ukasingizia magoti. Na afishi zako ulizipakia mbichi, uso nje, nikilalamika unasema: "Wacha, barabara itamalizia." Nilidhani ni haraka tu. Niliwaambia hata watu kwamba umezeeka, hujali tena. Unisamehe.

Nilipomuuliza Mama Rejina, alivuta boksi kutoka chini ya kitanda. Vipande vya katoni, vimekatwa kwa umbo la macho, la mkono, la ufa wa mlango, na nyuma yake ugali wa muhogo uliokauka, uliokuwa unavibandikia. Kumbe macho uliyachora kwanza, ukayaacha yakauke, ukayafunika, ndipo ukachora mengine yote na kuyatuma mabichi. Hata dereva wa pikipiki alijua, ndiye aliyekuwa anabandua katoni akifika na kukurudishia. Na wala hukunificha. Kila safari uliniambia, "Enda nayo, utaona." Nikakataa kila safari, kwa sababu sipendi vumbi.

Nikachora upya. Kitanda, na mkono mmoja unaotoka chini yake. Sehemu kubwa ya ubao nikaiacha tupu, na jina la filamu nikaliandika dogo, chini kabisa, ili mtu alazimike kusogea. Mkono niliuchora kwanza ukakauka, nikaubandikia katoni yako, na mengine nikayapakia mabichi, yenye mawese. Nilikaa nyuma ya dereva nikiitazama afishi ikibadilika, kilima baada ya kilima, na kila pikipiki iliyotupita ikaiongezea kitu ambacho mimi nisingeweza kukichora.

Salamabila nilibandua katoni, nikakaa ng'ambo ya njia kwa mama wa chai. Mwanamume mmoja mwenye koleo akapita, akarudi, akainama asome jina. Kisha akaitazama miguu yake mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja. Akaenda kuwaita wenzake. Watu walijaa hadi wengine wakasimama, na patron hazungumzii tena mashine. Mimi nilikuwa nalia na kikombe mkononi, mama wa chai akaniuliza: "Ni filamu gani hiyo, inakuliza mbele ya kuingia?" Nilikuwa nawaza kwamba kila kiangazi ulikaa hapa Kasongo ukachora ukizitegemea kilomita zote zile, na hukujisifu hata mara moja.

Jambo la mwisho. Watoto wako walinipa msalaba wako niuandike jina. Kaburi liko karibu na njia, na unalijua vumbi la pikipiki. Nimetumia rangi isiyo na mawese, nikaiacha ikauke wiki nzima.

Pumzika, Papa. Nakuahidi kwamba kila afishi ya kutisha nitakayochora, barabara itaimalizia. Jina lako, hapana. Kila Jumapili ya kiangazi nitakuja na kitambaa.

Mapendo