Jina la Marehemu Kwenye Kengele

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Hatimaye nimejiandikisha manispaa kwamba nakaa hapa Adria. Mwisho ni tarehe ishirini. Mimi ni mtu wa kusubiri maji yafike shingoni.

Karani, mama mwenye miwani machoni na mingine kichwani, kanieleza taratibu kama mtoto. Nyumba ya kwanza, umri chini ya miaka thelathini na sita — serikali inakupa nafuu. Ile VAT uliyomlipa muuzaji inarudi. Si mkononi! Inapunguzwa kwenye kodi ya mshahara. Ila lazima uhamie kwenye mji ilipo nyumba ndani ya mwaka na nusu tangu uinunue. Uhamie kweli.

"Askari wa manispaa atapita kuangalia, binti. Asipoona dalili ya mtu, ombi linafutwa. Nafuu yote unairudisha, na faini juu."

Nikamwuliza atapita lini. Akacheka.

Mambo haya alikuwa anayaelewa Dario, mchumba wangu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, naelewa hayo tu. Nyumba iliandikwa jina langu peke yangu kwa sababu yeye alishapita umri. Tulicheka sana siku ile. Mwezi wa nne mwaka huu akaniacha, na sasa ni yangu peke yangu kweli.

Jumamosi, 11 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Martino. Zamani wakulima wa huku walihama siku ya leo, vyombo na kuku juu ya mkokoteni. Mpaka leo mtu akihama, wanasema kafanya Martino.

Nimenunua farasi wa biskuti wa sikukuu hii, na mpandaji wake, sukari ya rangi tele. Mkubwa — wa familia. Wa mtu mmoja hawauzi.

Nikashuka na sahani hadi kwa Bi Onorina wa chini. Tangu nihamie mwezi wa sita hatujavuka "habari za asubuhi". Nikasikia kicheko ndani. Nikadhani ana wageni, nikarudi juu. Nimekula miguu ya farasi nikiwa nimesimama jikoni.

Jumanne, 14 Novemba

Askari kapita. Mimi niko Padova kazini, kama kila siku. Nimepigiwa na karani mchana.

Jirani kasema juu hakai mtu. Kuna msichana tu huja kumwagilia maua ya marehemu.

Maua! Yale ya ngazini, ya Bi Marchetto aliyefia humu. Kampuni iliyokarabati nyumba na kuniuzia ilitupa kila kitu chake ikayasahau maua. Nayamwagilia kwa sababu ndiyo pekee yanayoningoja nikirudi.

Miezi mitano chini ya paa moja, na mtu anasema sipo. Hilo limeniuma kuliko kodi. Nimelia kwenye treni. Jirani wa kiti kanipa karatasi ya kufutia pua bila kuondoa macho kwenye simu.

Karani kanihurumia. Askari anarudi Ijumaa asubuhi, mara ya mwisho — ila nisiseme kwamba kaniambia yeye. Nimeomba ruhusa kazini.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimegonga! Nimejaa hasira, na nusu farasi kwenye sahani kama kisingizio.

Bi Onorina kafungua na aproni yake. Hakuna wageni. Televisheni tu. Nikamwuliza pale pale mlangoni kwa nini alisema sikai.

"Mwanangu, mtu wa sare akiniuliza habari za jirani, mimi sijui kitu. Mama yangu alinifunza hivyo, na yeye kafunzwa na mama yake. Nilidhani wamekuja kukuchukua."

"Kwani nina sura ya mhalifu?"

"Una sura ya mtu anayejificha. Nani mwingine anakaa na jina la maiti kwenye kengele?"

 Kibao changu cha kengele kiko kwenye droo ya jikoni, cha shaba, kimechongwa majina mawili, langu na la Dario. Shaba haikatiki kwa mkasi. Nilishajaribu.

Kumbe alinificha. Anajua bomba langu linapiga kelele alfajiri. Anajua Jumapili nalia. Niliona aibu, halafu nikajisikia vizuri, sijui kwa nini. Nikamweleza yote: Dario, kodi, meno. Kahawa vikombe viwili.

"Kwa hiyo nikisema unakaa, serikali inakupa pesa?"

"Inaniachia zangu, Bi Onorina."

"Serikali hii hii?"

"Hii hii."

Akatikisa kichwa. Kamwuma farasi shingo. "Aje kwanza, nitamwangalia uso."

Hakuahidi kitu.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimekaa mezani tangu alfajiri, nimevaa viatu. Ukungu nje, hata kanisa halionekani. Naandika ili muda upite.

Kengele yangu haijalia. Italiaje — jina langu halipo! Kibao nilisema nitakishughulikia asubuhi.

Askari kabonyeza ya chini. Mlango unafunguliwa. Naenda kusikiliza.

Niko mlangoni kwangu, daftari ukutani. Sauti ya Bi Onorina: wewe tena? Askari anauliza huyo wa juu anakaa au hakai.

"Umekuja kwa wema au kwa ubaya?"

"Kwa wema, mama."

Nasikia ndala zake zikisogea; anamwangalia uso.

"Anakaa. Bomba lake linaniamsha kila siku. Na kahawa anaiunguza, harufu inashuka hadi kwangu."

Mungu wangu. Nipo.

"Vizuri. Anaitwa nani?"

 Hapo ndipo nakumbuka — nilimwambia Dario, kodi, meno. Jina langu sikumtajia. Wala hakuuliza.

Mkono wangu uko kwenye kitasa. Nikifungua nikasema mimi ni Ilenia, nakaa hapa, yamekwisha. Nitafungua. Ila nataka nisikie kwanza ataniitaje.