Mama Genoveva ni Mmoja

Jumatano, 4 Juni 2025
Nimetoka dukani kwa Basili hapa Dongobesh sasa hivi. Chupa za mafuta ya alizeti za Frida ziko rafu ya juu — ya juu! — na zangu chini, karibu na sabuni. Lebo ya njano kama yangu. Ua kama langu. Yangu imeandikwa Mama Genoveva, yake Mama Geno. Frida, mke wa shemeji yangu Patriki, anayekamua mafuta yake kule Nangwa! Basili anacheka tu. Eti wateja wanapenda ya Frida, hayatoi moshi. Moshi! Nimeondoka bila kuaga.

Jumamosi, 7 Juni
Mume wangu Dionis anasema niache, huyo ni ndugu. Eti Frida naye binti yake wa kwanza ni Genoveva, sasa aitweje? Ni kweli. Wote wawili tuliwapa mabinti zetu wa kwanza jina la mama mkwe, ndiyo desturi. Lakini mimi nilizaa kwanza! Mimi nilianza kuitwa jina hilo, na alama ya biashara nilisajili mimi. Yeye amekuja juzi na mashine yake mpya na ile sauti yake laini, basi kila mtu Mama Geno, Mama Geno. Hata mama mkwe, anayelala kwangu na kula kwangu, anamsifia yeye. Ndiyo, namwonea wivu. Nimeandika. Basi.

Jumatatu, 9 Juni
Babati, kwa wakili Modest. Kijana, lakini kichwa kimo. Anashauri tufungue kesi, na kwanza tuombe zuio la muda, Frida asiuze kwa jina lile mpaka kesi isikilizwe. Akauliza nitapata madhara gani ambayo pesa haiwezi kuyafidia. Nikamwambia kila nikisikia jina lake tumbo linawaka. Akasema hilo tusiliweke kwenye kiapo. Tumeweka kwamba wateja wanachanganyikiwa. Mungu anisamehe — hakuna aliyechanganyikiwa. Wanajua kabisa wanachotaka.

Alhamisi, 26 Juni
TUMEPATA! Jaji amesema majina yanafanana, lebo zinafanana, Frida asubiri. Alikuja na gauni la kanisani. Hakulia hata kidogo, mwanamke yule! Nje watu wa Nangwa wakamzunguka: pole Mama Geno, pole sana Mama Geno. Nikamvuta wakili, sikia, wanavunja amri! Akasema zuio ni la chupa, si la midomo ya watu.
Hata hivyo nimenunua nyama. Nimekula kwa raha zangu.

Jumanne, 1 Julai
Rafu ya juu ni yangu! Nimesimama kwa Basili naziangalia chupa zangu kama bibi harusi. Akaingia mama mmoja akaomba mafuta ya alizeti. Akapewa yangu. Akaigeuza, akaisoma, akairudisha. Akauliza yale ya Nangwa yanarudi lini.

Ijumaa, 4 Julai
Yamerudi. Hayana lebo, hayana ua, hayana jina. Chupa tu! Basili anasema zimeisha kabla hajazipanga. Nimempigia wakili. Hapo hajavunja kitu, mama, ndivyo alivyosema. Hivi mtu anashindwaje na chupa isiyo na jina?

Jumapili, 6 Julai
Nimeikuta chupa yake jikoni kwangu! Nyuma ya ndoo ya unga. Mama mkwe hakuona haya, kaletewa na mwanawe Patriki, kwani kuna ubaya? Alipotoka nikaifungua. Nikachovya kidole. Ni mazuri. Yana harufu ya mbegu zenyewe, hayabaki kooni. Nikachovya tena. Shetani huyu!

Halafu hodi. Frida! Kaja kumsalimia mama mkwe. Shikamoo mama, na mimi akaniita Mama Genoveva kama siku zote, bila hasira yoyote. Heri angenitukana. Sasa wako sebuleni wanacheka, Dionis naye yumo. Namsikia mume wangu anavyocheka. Kwangu hachekagi hivyo.

Mimi naandikia hapa kwenye meza ya jikoni. Kuku ameshakatwa. Mama mkwe ameita mara ya pili: mgeni ana njaa, kaanga haraka. Frida atajua kwa tonge la kwanza tu, mafuta yawe yangu au yake. Chupa zote mbili ziko mbele yangu, na kikaango kimeshapata moto.