Nondo za Chumba cha Mama

Kaka yangu,

Sisi wazima. Mama anataka kuhamia chumba chake kipya, ila nimemzuia kwa kisingizio kwamba rangi haijakauka.

Ukweli ni kwamba boriti itakayokuwa juu ya kitanda chake imepinda na kupasuka katikati. Mjomba, msimamizi uliyemchagua mwenyewe, alisema, "Zege likikauka hupasuka, mwanangu." Sikumwamini. Jana nilimwomba fundi aichimbue kidogo upande wa chini. Badala ya nondo nne nene tulizonunua, tulikuta mbili nyembamba.

"Nilifuata maagizo, dada," alisema, macho chini.

Leo nimezikuta zile nene kwa mjomba, zimeshafungwa pamoja kwa ajili ya boriti ya nyumba anayojijengea.

Boriti ya mama tunaibomoa. Ananiuliza kwa nini kaka yake hapokei simu, nami namjibu sijui.

Mdogo wako