Kamba ya Mikorosho na Kipimo cha Doris

S.L.P. 64,
Nachingwea.
17 Mei, 2003.

Mpendwa dada yangu Getruda,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, na shemeji Ignasi hajambo? Baridi ya Sumbawanga inawaacheni salama? Sisi huku ni wazima. Wifi yako Jenifa mguu umepona, ameanza kwenda shamba. Mvua zimekatika, watu wanapalilia mikorosho na kuulizana salfa ya kupulizia itafika lini.

Sasa habari ya mwanao. Nilipokupigia simu Jumatatu kutoka posta, nilikwambia Doris ameshindwa kipimo cha pumzi. Nilisema nilichokiona. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa na kosa, na leo nasahihisha.

Nakumbuka sharti lako: akishindwa, mpira wa kikapu basi, maana mwaka jana alilazwa kwa upungufu wa damu. Jumatatu nikiwa uwanjani nilidhani ugonjwa umerudi. Naye alidhani hivyo. Siku mbili hakugusa mpira, na kisamvu alikula kama dawa.

Kipimo kiko hivi. Huchorwa mistari miwili ya chokaa, mita ishirini kati yake. Kaseti inalia, mchezaji awe amefika mstari wa pili kabla ya mlio mwingine, ageuke, arudi. Kila dakika milio inaharakishwa. Msichana wa timu ya wilaya anatakiwa amalize hatua ya sita. Doris aliishia ya tatu. Wenzake kumi na watatu nao hakuna aliyefika ya sita. Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza, lakini nilikuwa namtazama mmoja tu.

Jumatano nilirudi shuleni kuomba nakala ya matokeo, nikutumie karatasi yenyewe. Mwalimu Seifu, wa michezo, alikuwa anawapanga wavulana. Akaingia mzee Saturnini wa Marambo, amefuata kamba yake yenye mafundo aliyomwazima mwalimu, kwa kuwa futi kamba ya shule iko kwa mafundi wanaojenga maabara. Akaitazama ilivyolala kati ya mistari.

“Mwalimu, umeshapanda mingapi?”

“Mingapi nini, mzee?”

“Mikorosho. Naona umeacha nafasi mbili kamili.”

“Si fundo hadi fundo mita kumi?”

“Kumi! Ukipanda kwa kumi matawi yatapigana. Hiyo ni kumi na mbili, nimeifunga kwa mkono wangu.”

Mwalimu Seifu ni mtu wa Shinyanga, ana miezi minne hapa. Kwao hakuna mkorosho wa kumfundisha. Mimi sina udhuru. Nimeandika habari za korosho miaka kumi na minane, na Jumatatu nilikaa hatua tatu kutoka kwenye kamba ile. Watoto walikimbia mita ishirini na nne kwa milio iliyopangiwa mita ishirini.

Valentina, rafiki yake Doris, alipiga kelele, “Kumbe tumekimbia shamba la mtu!” Doris hakucheka. Alinijia akauliza, “Mjomba, kwa hiyo damu yangu haijapungua?” Nikamjibu kwamba hilo halijulikani bado, tupime upya.

Alhamisi asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa mafundi kuchukua futi kamba, nikashika ncha moja, mwalimu ncha ya pili. Walipita kumi na mmoja kati ya kumi na wanne. Doris alimaliza hatua ya saba, akasimama katikati ya nane, mikono magotini, anatukana kaseti. Kwa kuwa najua hutaridhika na miguu peke yake, Ijumaa nilimpeleka hospitali. Damu kumi na moja nukta nane. Mwaka jana siku ya kulazwa ilikuwa tano. Usiku huo nililala vizuri, na sina shaka nawe utalala ukisoma hapa.

Mwalimu amemwomba radhi kila mtoto kwa jina lake. Mzee Saturnini naye amekataa kuiazima kamba tena, anasema itamharibia sifa.

Tarehe 7 Juni wanacheza na wasichana wa Ruangwa, kule kule Ruangwa. Fomu ya ruhusa ya mzazi imo ndani ya bahasha hii, pamoja na cheti cha hospitali. Mahali pa saini ni chini, mkono wa kulia. Mwalimu alitaka nitie saini mimi, nikakataa; sharti lilikuwa lako, mtoto amelitimiza mbele ya mashahidi, na ruhusa itoke kwako. Itume kwa basi la kwanza, posta itachelewa.

Nisalimie shemeji, na mpwa wangu Eustace umwambie dada yake anamzidi mbio. Mama Auleria wa jirani anakusalimu sana. Mungu awalinde nyote na awape afya.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Octavian